Nipite wapi na baiskeli mashambani Ayalandi bila kubanwa na magari?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni muuguzi, kwetu ni Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Ennis, kaunti ya Clare. Mwezi wa nne nilinunua baiskeli ya mbio ya mtumba, maana nyumbani nilizoea kuendesha. Nimejaribu mara tatu barabara ya kwenda baharini kupitia Ennistymon, na mara zote nimerudi nikitetemeka. Magari yananipita kwa kasi karibu yanigonge, na basi la watalii lilinisukuma hadi kwenye michongoma. Wenzangu kazini wanasema mashambani kuna njia tulivu tele, ila hakuna anayeniambia ni zipi. Nizitafuteje? Na je, ni salama kwa mwanamke anayeendesha peke yake?

Jibu: Pole sana dada yangu, na hongera kwa kutoitundika baiskeli ukutani baada ya safari tatu za namna hiyo. Barabara uliyoijaribu ni N85. Hata mimi, ninayechora njia na kuongoza vikundi vya waendesha baiskeli nchini humu mwaka wa kumi na moja sasa, siipiti nikiwa na hiari.

Wenzako hawakukudanganya. Ayalandi ina barabara zenye urefu wa takriban kilomita 100,000, na zaidi ya robo tatu ya hizo ni njia ndogo za mashambani zenye lami. Wingi huo unatokana na jinsi watu walivyokaa. Mkulima wa huku hakai kijijini, anakaa katikati ya shamba lake, kama unavyoona Kisii au Murang'a, na kila boma linahitaji njia ya kutokea. Upande wa magharibi zimo pia njia zilizojengwa wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, watu walipopewa kazi ya kuvunja mawe ili wapate ujira wa kununua chakula, na sehemu ya chakula hicho ilikuwa mahindi yaliyoletwa kwa meli kutoka Marekani. Kwa Kiayalandi barabara ni bóthar, neno lililotokana na bó, yaani ng'ombe, na njia ndogo kabisa huitwa bóithrín. Ukiona majani yameota katikati ya lami, umeshafika kwenye bóithrín.

Anza na herufi. Kila barabara hapa ina herufi na namba. M ni ya magari pekee, baiskeli haziruhusiwi kabisa. N ni barabara za kitaifa. R zinaunganisha miji midogo, na nyingi zina mstari katikati lakini hazina bega la kukimbilia, yaani ukingo wa lami wa pembeni. L ndizo za mashambani, na ndizo unazozitafuta. Namba nayo inasema kitu: L zenye tarakimu nne zinazoanza na 1 hadi 4 hubeba magari zaidi, zinazoanza na 5 hadi 8 hubeba machache, na zenye tarakimu tano mara nyingi huishia kwenye ua wa mkulima, hivyo hakikisha kwenye ramani kwamba inatokea upande wa pili. Tangu tarehe 7 Februari 2025 kiwango cha juu cha mwendo kwenye L za mashambani kimeshushwa kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60. Si kila dereva anakitii, lakini kati ya hiyo 60 na 80 ya barabara za R kuna tofauti kubwa, na mwili wako utaihisi.

Lakini herufi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Udogo wa barabara hauifanyi kuwa tulivu. Kabla sijaiweka njia yoyote kwenye mpango wangu najiuliza hivi: ni gari gani lenye sababu ya kupita hapa? Kama jibu ni watu wa nyumba kumi na mbili, trekta mbili na lori la kukusanya maziwa, hiyo ni njia yako. Kama jibu ni mtu yeyote anayetaka kuikwepa foleni, ikimbie hata ikiwa nyembamba kama uzi.

Hili nililijifunza kwa maumivu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza vikundi niliwapitisha watu wanane kwenye njia ya L huko Kildare, Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeikagua mwenyewe Jumapili mbili mfululizo na sikukutana na chochote zaidi ya farasi. Jumanne hiyo yalitupita magari mfululizo, yote yakiikata kona ya kwenda barabara kuu ya Dublin, yote yakiwa yamechelewa kazini. Kioo cha gari moja kilinigusa kiwiko. Hakuna aliyeumia, lakini mama mmoja kwenye kundi aliomba arudishwe hotelini na hakupanda tena baiskeli safari nzima. Tangu siku hiyo siiamini njia yoyote iliyo ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Dublin mpaka niione asubuhi ya siku ya kazi. Kaunti za Kildare na Meath zina njia nzuri kwenye ramani, na nyingi kati ya hizo ni njia za mkato.

Kwa hiyo tafuta njia ya L iliyo na dada yake mkubwa pembeni. Pale ambapo barabara pana na ya haraka inakwenda sambamba na njia ndogo, zikianzia na kuishia karibu mahali pamoja, mwenye haraka ataichukua ile pana na kukuachia wewe ile ya mizunguko. Bondeni, barabara kubwa ikiwa ng'ambo moja ya mto, angalia ng'ambo ya pili. Ziwani vivyo hivyo.

Kuna pia barabara ambazo naziita wastaafu. Ayalandi ilipojenga barabara zake za M, zile za zamani hazikubomolewa, zilishushwa cheo kutoka N hadi R na magari yakahama. Iliyokuwa N18, kutoka kwenu Ennis kwenda Gort, leo ni R458, na mzigo wake umechukuliwa na M18. Iliyokuwa N7 ya Dublin hadi Limerick ni R445, na N8 ya kuelekea Cork ni R639. Si nzuri kutazama, zimenyooka na pengine zinachosha, lakini ni pana, sehemu nyingi zina bega, na zinakuunganisha na njia ndogo bila kukutupa kwenye hatari. Karibu na miji bado zina shughuli, ila ukishatoka mjini utashangaa.

Sasa kinyume chake: barabara yenye jina. Mwaka 2014 ilizinduliwa Wild Atlantic Way, njia ya watalii ya takriban kilomita 2,500 kufuata pwani ya magharibi, na vibao vyake vya alama ya mawimbi vimesimama kila mahali. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye magari. Mimi navitumia vibao hivyo kujua mahali ambapo gari la kukodi litakuwa saa nne asubuhi mwezi Julai, na dereva wake amezoea kuendesha upande wa kulia wa barabara. (Wewe hilo la kushoto umezaliwa nalo, na linakusaidia kuliko unavyodhani.) Mara nyingi inatosha kuingia kilomita tatu au nne ndani kutoka pwani, na kelele zote zinabaki nyuma yako.

Ramani ya karatasi ya serikali, ile ya mfululizo wa Discovery yenye kipimo cha 1 kwa 50,000, bado naiona bora kuliko simu, kwa sababu inakuonyesha miinuko na kila kijinjia kwa mtazamo mmoja. Halafu fungua picha za barabarani za Google, ushuke kwenye njia uliyoichagua na kutazama mambo mawili: je, kuna mstari mweupe katikati, na je, majani ya kando yameinamia lami? Hakuna mstari na majani yameinama, sawa. Programu za kupanga njia zitumie, ila usizikubalie kila kitu. Zinapenda kukuingiza msituni kwenye kokoto, na tairi za mbio haziwezi hizo. Kama baiskeli yako inakubali tairi za milimita 28 au 30, zibadilishe hata kabla ya kununua nguo.

Na wewe uko Ennis, mlangoni mwa Burren! Watu hupanda ndege kuja kuona hiyo nchi ya mawe ya chokaa, na unaifikia kwa miguu yako mwenyewe. Usiende Corofin kwa R476, ingawa ndiyo vibao vitakayokuelekeza. Toka kwa njia ndogo za Ruan, katikati ya mashamba na maziwa madogo, uingie Corofin kwa nyuma, unywe chai. Kutoka Corofin hadi Kilnaboy hutakwepa kipande kifupi cha R476, kama kilomita 4, kipite tu. Kilnaboy, kwenye magofu ya kanisa, kunja kulia upande wa kijiji cha Carran. Hapo dada yangu utaanza kusikia mnyororo wako mwenyewe.

Mabasi ya watalii hayaji huku kwa sababu yanapitia R480, upande wa magharibi, kuelekea Poulnabrone, kaburi la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Ni mahali pa kuona, ila nenda mapema au jioni. Njia ya Carran inapanda polepole juu ya mwamba mtupu, rangi ya majivu, na mwezi wa tano nyufa za mawe hujaa maua ya buluu iliyokolea ambayo kwingine Ulaya yanaota milimani. Carran yenyewe iko ukingoni mwa ziwa linalotoweka: majira ya mvua limejaa, kiangazi maji yanazama chini ya chokaa na ng'ombe wanalisha pale pale. Ukiendelea kaskazini unateremka hadi Bell Harbour na ghuba ya Galway. Kwa mara za kwanza ishia Carran na urudi ulikotoka. Kurudi kwa njia ile ile si kushindwa, nchi ile ina sura mbili. Siku ukiwa na nguvu zaidi, kutoka Kilnaboy chukua njia nyembamba ya mashariki kuelekea mlima Mullaghmore, ndani ya hifadhi ya taifa, ambako mawe yamejikunja kama nguo iliyovuliwa haraka.

Upande wa Cliffs of Moher usiende kabisa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi. Ukitamani majabali ya bahari, panda gari la rafiki hadi Kilkee na uendeshe kutoka hapo hadi mnara wa taa wa Loop Head. Rasi ile inaishia majini, hakuna anayepita kwenda mahali pengine, na ndiyo maana ni tulivu.

Hilo la rasi lina maana zaidi ya Clare. Kaunti ya Kerry ina Ring of Kerry, mzunguko wa takriban kilomita 180 kwenye rasi ya Iveragh, na kila kitabu cha wageni kinautaja. Mabasi huuzunguka kinyume cha mwendo wa saa kuanzia Killarney, moja nyuma ya jingine. Wageni wangu wengi hufika wakiutaka huo. Nawaambia: tupite katikati ya rasi badala ya pembeni. Kuna mapito mawili ya milimani, Ballaghbeama na Ballaghisheen, ambayo basi haliwezi na dereva mwenye haraka hana sababu nayo. Ballaghbeama ni ufa kati ya miamba, njia ya gari moja, mteremko mkali, kondoo wamelala kwenye lami. Nimewahi kukaa pale juu nusu saa nzima na kundi langu na hakuna chombo kilichopita.

Jirani yake kusini ni rasi ya Beara, na kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu kwa wiki moja, ningechagua hapo. Kutoka Kenmare unafuata pwani ya kaskazini kupitia Lauragh, Ardgroom, Eyeries hadi Allihies, kijiji cha migodi ya zamani ya shaba, nyumba zake zimepakwa rangi kama kanga zilizoanikwa. Kilima baada ya kilima, hakuna sehemu tambarare, utachoka. Katikati rasi inakatwa na Healy Pass, njia iliyoanza kujengwa wakati wa ile njaa niliyoitaja, ikijikunja kama nyoka hadi mita 334 juu ya bahari. Kitu kimoja cha kuepuka ni N71 kati ya Kenmare na Glengarriff: ina mahandaki yasiyo na taa na magari mengi. Ipite Healy Pass badala yake, ni ndefu zaidi lakini ni ya amani.

Kaunti ya Mayo nitaitaja kwa ajili ya bonde la Doolough, barabara ya R335 kutoka Louisburgh kushuka Delphi. Ni R, na bado ni mojawapo ya barabara zenye ukimya mzito kuliko zote ninazozijua. Mwaka 1849 watu wenye njaa walitembea bondeni humo kwenda kuomba msaada, wakanyimwa, na baadhi yao wakafia njiani wakirudi. Kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara. Simama.

Na kama unataka utulivu usiotangazwa, nenda Leitrim. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 35,000 na kitu katika kaunti nzima, wachache kuliko kaunti yoyote ya Ayalandi. Hakuna mlima maarufu wala jabali la kupiga picha, ni vilima vidogo vya kijani visivyokwisha na maziwa katikati yake, na kwa njia za L hata siku ya kazi unaweza kuhesabu magari kwa vidole. Ziwa Allen ni mwanzo mzuri.

Njia za baiskeli zilizojengwa juu ya reli za zamani, kama ile ya Waterford hadi Dungarvan yenye kilomita 46 au ile ya Westport hadi Achill, ni salama na zinafaa sana ukiwa na watoto. Wikendi hujaa watembea kwa miguu, hivyo kwa baiskeli ya mbio utapunguza mwendo kila mara.

Sasa hatari za njia tulivu, maana zipo. Kuanzia katikati ya Mei hadi Julai wakulima hukata majani ya saileji, yaani malisho ya kuhifadhi, na trekta zao hukimbia na trela zilizojaa kuanzia alfajiri hadi usiku ili kuiwahi mvua. Trekta inajaza njia nzima. Ukisikia mngurumo, ingia kwenye lango la shamba lolote na usubiri. Dereva atakushukuru kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nawe rudisha salamu, ndivyo watu wa huku wanavyoamkiana. Na michongoma je? Sheria inakataza kuikata kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31 kwa ajili ya ndege wanaotaga, kwa hiyo Septemba inapoingia mashine zote hutoka kwa pamoja na lami hujaa miiba. Msimu huo beba tyubu mbili, viraka na pampu, maana pancha haiepukiki. Kiangazi jihadhari na lami iliyotoka kumwagiwa kokoto: punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ndani yake. Majani ya katikati ya njia nayo huwa yameficha mchanga, baki kwenye mstari wa tairi za magari. Mbwa wa shamba akikukimbilia, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, umwambie kwa sauti nzito arudi nyumbani. Karibu wote hurudi.

Usijibanze kwenye michongoma ukidhani unajilinda. Kwenye kona iliyofunikwa, dereva anayekuja nyuma hukuona mapema zaidi ukiwa mita moja kutoka ukingoni, na hapati kishawishi cha kukupita mahali pasipofaa. Mwongozo wa hapa unamtaka akuachie mita 1 pale mwendo ni hadi kilomita 50 kwa saa, na mita 1.5 zaidi ya hapo, na kumpita mwendesha baiskeli kwa hatari ni kosa lenye faini. Washa taa hata mchana: ukitoka kwenye jua kuingia chini ya miti, unatoweka machoni mwa dereva.

Kuhusu kuwa peke yako, sitakwambia usiogope, nitakwambia jinsi wanawake ninaoendesha nao wanavyofanya. Humwachia mtu mmoja ramani ya njia na saa ya kurudi. Hawategemei mtandao wa simu mabondeni, kwa sababu sehemu nyingi haushiki, hivyo hupakua ramani kabla ya kutoka. Wanakumbuka namba 112 ya dharura, na kila wanapokunja kona husoma namba ya L kwenye kibao, ili wakihitaji msaada waweze kusema walipo. Na husimama kwenye duka la kila kijiji na kusalimia. Baada ya mara tatu utakuwa yule muuguzi wa baiskeli, na watu watakuulizia usipopita.

Wakati wako mwema ni Jumapili asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tano. Mida ya misa magari hukusanyika karibu na kanisa kwa dakika chache, kisha hutawanyika. Kama zamu zinakupa Jumatano, toka baada ya saa tatu na nusu, watoto wakishafikishwa shule, na uwe umerudi kabla ya saa nane. Angalia upepo pia. Huvuma zaidi kutoka kusini magharibi, na kwenye mawe ya Burren hakuna mti wa kukukinga, kwa hiyo siku ukivuma kutoka kaskazini ni bora zaidi kwako: utakutana nao ukiwa na nguvu, nao utakusukuma ukirudi.

Jumapili hii jaribu Ruan na Corofin tu, kwenda na kurudi, kama kilomita 35 kwa njia ndogo. Ukifika Corofin niandikie ni magari mangapi yamekupita, nami nitakuchorea kipande cha Carran.